Tommy John na kiwiko chake cha kushoto

Wataalamu wa viungo dunia nzima hulitaja jina la Tommy John karibu kila siku, na wengi wao hawajawahi kujiuliza alikuwa nani. Wanalitaja kwa sababu upasuaji wa kiwiko umepewa jina lake. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi ni wanamichezo wanaorusha: mkuki, mpira wa mikono, voliboli. Hata mimi jina hilo nililisikia kwanza darasani kama jina la upasuaji. Nilipoanza kumsoma mtu mwenyewe nikakuta habari ambayo kila anayehudumia viwiko angepaswa kuijua: mechi 288 alizoshinda akiwa mrushaji katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na kati ya hizo, 164 alizishinda baada ya kupasuliwa. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa mkono ambao karibu kila mtu alikuwa amekwisha kuukatia tamaa.

Alizaliwa tarehe 22 Mei 1943 huko Terre Haute, Indiana. Aliingia ligi kuu mwaka 1963 akiwa na Cleveland Indians, akahamia Chicago White Sox mwaka 1965, na kabla ya msimu wa 1972 akapelekwa Los Angeles Dodgers kwa kubadilishana na mpigaji mashuhuri, Dick Allen. Hakuwa mrushaji wa kutisha watu kwa kasi. Mpira wake mkuu ulikuwa ule wa kuzama, unaokuja kama mpira wa kawaida kisha unashuka ghafla unapomkaribia mpigaji. Mpigaji anaugonga kwa juu, mpira unabingirika chini, wenzake wa uwanjani wanauokota na kumtoa mkimbiaji. Mrushaji wa aina hii anaweza kumaliza raundi nzima kwa mirusho michache, na hilo nitalirudia, kwa maana ndilo lililomfanya adumu.

Shoto nayo ilimsaidia. Katika besiboli mrushaji husimama juu ya kituta, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mwenye shoto anapojiandaa kurusha, uso wake unaelekea besi ya kwanza, kwa hiyo mkimbiaji aliyesimama hapo hawezi kuiba hatua bila kuonekana. Wapigaji wenye shoto nao wanapata shida, maana mpira wake unawatokea nyuma ya bega kisha unawakimbia. Duniani wenye shoto ni takriban mtu mmoja kati ya kumi, lakini katika warushaji wa ligi kuu wanafikia karibu robo. Timu zinawatafuta.

Sasa tuje kwenye kiwiko. Mtu anaporusha kwa nguvu, kuna wakati mkono umevutwa nyuma hadi mwisho, kiganja kinatazama juu, na kifua kimekwisha kutangulia mbele. Kigasha kinabaki nyuma huku kiwiko kinaburutwa mbele, na upande wa ndani wa kiwiko unataka kufunguka. Kinachouzuia ni ligamenti moja fupi, yaani ukanda unaounganisha mfupa na mfupa, inayoanzia kwenye ile nundu ya mfupa unayoigusa upande wa ndani wa kiwiko na kuishia kwenye ncha ya juu ya alna, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho. Punde bega linageuka mbele kwa kasi ya takriban nyuzi 7,000 kwa sekunde, na hakuna tendo jingine la mwili wa binadamu linalojulikana kuwa na mzunguko wa haraka zaidi.

Watafiti wa Marekani walipima nguvu hiyo miaka ya 1990. Kwa mrushaji mtu mzima, kiwiko hukabiliwa na nguvu ya msokoto ya takriban nyutoni-mita 64. Walipochukua ligamenti za maiti na kuzivuta maabara, zilikatika kwenye takriban 32. Kwa hesabu hiyo ligamenti peke yake isingestahimili mrusho hata mmoja. Inastahimili kwa sababu misuli ya kigasha, ile ya kukunja vidole na kukunja kiganja, inashikilia pamoja nayo na kubeba sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, mzigo wote unarudi kwenye ligamenti. Ndiyo maana mtu akiniletea kiwiko kinachouma kwa ndani, swali langu la kwanza huwa ni amerusha mara ngapi wiki hii, na amepumzika lini.

Jeraha la ligamenti hii si la besiboli peke yake. Lilielezwa kitabibu huko Ufini mwaka 1946 kwa warusha mkuki. Sisi Afrika Mashariki tunaye Julius Yego, aliyerusha mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, na tangu hapo vijana wengi wameushika mkuki. Viwiko vyao hupitia msukosuko huohuo.

Tarehe 17 Julai 1974, Dodgers walikuwa wanacheza nyumbani na Montreal Expos. John alikuwa kwenye msimu mzuri kuliko yote aliyopata kucheza hadi hapo, ameshinda 13 na kupoteza 3. Katika raundi ya tatu alirusha mpira wake wa kuzama, akahisi kitu kimeachia ndani ya kiwiko. Akarusha mwingine kujaribu, mpira haukuwa na nguvu yoyote. Akatoka mwenyewe uwanjani na kuomba aitiwe daktari Frank Jobe.

Ligamenti ilikuwa imekatika, na wakati huo jeraha hilo lilikuwa ndio mwisho wa kazi. Mfano ulikuwa mlemle ndani ya klabu. Sandy Koufax, mrushaji mwingine wa shoto wa Dodgers na mmoja wa bora kuliko wote waliowahi kucheza, alishinda mechi 27 mwaka 1966 kisha akastaafu akiwa na miaka 30 tu, kwa sababu ya kiwiko kilichokuwa kimeharibika. Aliyemtibu alikuwa Robert Kerlan, na Jobe alikuwa mshirika wa Kerlan katika kliniki. Kwa hiyo Jobe alijua ni nini kinachomsubiri mgonjwa wake asipojaribu jambo jipya.

Wazo lake lilitoka kwa wagonjwa wa polio. Madaktari wa mifupa walikuwa wamezoea kuhamisha kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine ili kuwarudishia wagonjwa hao uwezo wa kushika vitu. Jobe akajiuliza kama kano inaweza kufanya kazi ya ligamenti. Tarehe 25 Septemba 1974, akisaidiwa na daktari wa mikono Herbert Stark, alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu kwenye mfupa wa juu wa mkono na kwenye alna, akaipitisha kano hiyo kwa umbo la namba nane kama fundi anayesuka kamba za kitanda, akaikaza. Alikuwa amemwambia John kwamba uwezekano wa kurudi kurusha katika ligi kuu ni mmoja kati ya mia.

Kano hiyo unaweza kuiona sasa hivi. Geuza kiganja kitazame juu, gusanisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Katikati ya kifundo cha mkono wako, pale panapovaliwa saa kwa upande wa ndani, itanyanyuka kamba nyembamba chini ya ngozi. Wapo watu wasio nayo kabisa, wengine kwenye mkono mmoja, wengine kwenye yote miwili, nao wanashika, wanaandika na kulima vilevile. Mkono haupungukiwi na kitu cha maana ikitolewa, ndiyo maana wapasuaji wanaipenda.

Upasuaji ulikwenda sawa lakini neva, yaani mshipa wa fahamu, ikaleta balaa. Neva ya alna hupita nyuma ya ile nundu ya ndani ya kiwiko (ndiyo inayokutia ganzi ya umeme ukijigonga) na baada ya upasuaji mkono wa John ukaanza kukunjamana. Vidole viwili vya mwisho vikawa havina nguvu wala hisia. Desemba 1974 akapasuliwa tena, safari hii kwa ajili ya neva.

Nimewaona wagonjwa wa neva hiyo. Kipimo ninachokipenda hakihitaji mashine: namwekea mgonjwa kipande cha karatasi katikati ya kidole cha pete na cha mwisho, namwambia abane, kisha navuta taratibu. Mwenye neva nzima anakishikilia mpaka karatasi ichanike. Mwenye neva iliyoumia anakunja uso, anakaza bega, anakaza hadi shingo, na karatasi inatoka bila ubishi wowote. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo anaambiwa awe na subira, kwa sababu neva hukua takriban milimita moja kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole ni mbali. Tommy John alikuwa na miaka 31, riziki yake ilikuwa ndani ya vidole hivyo, na hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kupita njia hiyo ili amwambie mbele kuna nini.

Hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Msimu wote wa 1975 hakucheza. Alifinyanga udongo laini wa mazoezi kwa vidole, alikimbia, alirusha polepole kabla vidole havijarudi. Mwenzake wa Dodgers, Mike Marshall, mrushaji aliyekuwa pia msomi wa sayansi ya mwendo wa mwili, alimsaidia kurekebisha mtindo wake wa kurusha. Hakuna aliyekuwa na ratiba ya kumpa. Ratiba tunazotumia leo, za kuanza na umbali mfupi na mirusho michache, kupumzika, kuongeza umbali, kisha kupanda kituta, zimejengwa juu ya yale aliyojifunza yeye kwa kujaribu.

Alirudi uwanjani tarehe 16 Aprili 1976 dhidi ya Atlanta Braves. Alipoteza mechi hiyo. Lakini msimu huo alirusha raundi 207, akashinda 10 na kupoteza 10. Mwaka uliofuata akashinda 20, na tarehe 8 Oktoba 1977, mvua ikinyesha Philadelphia, alirusha mechi nzima peke yake na kumshinda Steve Carlton, mwenye shoto mwingine mkubwa, Dodgers wakaingia fainali. Baadaye akaenda New York Yankees, akashinda 21 mwaka 1979 na 22 mwaka 1980, akiwa na miaka 37. Aliendelea hadi 1989. Aliuanzisha msimu huo wa mwisho kama mrushaji wa mechi ya kwanza ya Yankees akiwa na miaka 45, na akashinda.

Ubingwa haukumwangukia. Fainali za 1977 na 1978 akiwa Dodgers alifungwa na Yankees. Ya 1981 akiwa Yankees akafungwa na Dodgers. Katika mechi ya sita ya mwaka huo kocha Bob Lemon alimtoa raundi ya nne matokeo yakiwa 1–1, Yankees wakafungwa 9–2. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mbaya. Nadhani pia wapiga kura wa ukumbi wa heshima wa besiboli huko Cooperstown walimnyima haki, maana katika miaka yote 15 ya kura hakufikisha hata theluthi, na inatakiwa asilimia 75. Mechi 300 za ushindi kwa kawaida hufungua mlango ule. Yeye zilimpungua 12, na alikosa msimu mmoja na nusu katikati ya ubora wake.

Watu huhitimisha kwamba upasuaji ulimpa mkono mpya wenye nguvu zaidi. Sikubaliani. Jobe alimrudishia kiwiko, lakini miaka 13 iliyofuata ilitokana na aina ya urushaji wake. Hakulazimika kurusha kwa nguvu zake zote kila mara, na mpira wa kuzama ulimpunguzia idadi ya mirusho. Mtu wa pili kufanyiwa upasuaji huu, Brent Strom, naye wa shoto, alipasuliwa mwaka 1978 na hakurudi tena ligi kuu kama mchezaji, ingawa baadaye alikuwa kocha wa warushaji anayeheshimika. Leo zaidi ya wanne kati ya watano hurudi kucheza baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wanaorusha haraka zaidi kuliko mwanzo ni wale waliofanya mazoezi ya mguu, kiuno na bega kwa mwaka mzima bila kukatisha. Ligamenti haiongezi kasi.

Kinachonisumbua ni wazazi na makocha wanaouliza kama mtoto asiye na jeraha anaweza kupasuliwa mapema ili awe imara. Hapana, kabisa. Mifupa ya mtoto bado inakua, na pale ligamenti inaposhikia pana sahani ya ukuaji iliyo laini. Huku kwetu besiboli inakua: timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilifika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mashindano hayo yana kanuni ya kuhesabu mirusho tangu 2007. Mtoto wa miaka 11 au 12 harushi zaidi ya 85 kwa siku, na akipita 65 anapumzika siku nne. Katika mkuki na mpira wa mikono sijaona shule zetu zikihesabu chochote, na mtoto mwenye mkono mzuri anarusha asubuhi kwa shule na jioni kwa klabu.

Kwa hiyo makocha, wekeni daftari. Andikeni idadi ya mirusho ya nguvu ya kila mchezaji kwa siku na kwa wiki, pamoja na ile ya mazoezi. Mchezaji akisema kiwiko kinauma kwa ndani, au vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi baada ya kurusha, asimamishwe siku hiyohiyo na aonwe na mtaalamu kabla ya kurusha tena. Dawa ya maumivu ili amalizie mashindano asipewe.