Majukwaa ya kujengea tovuti: ni nini, na biashara ndogo ichague lipi

Jukwaa la kujengea tovuti ni huduma ya mtandaoni inayomwezesha mtu asiye mtaalamu wa kompyuta kutengeneza tovuti yake mwenyewe: anachagua kiolezo kilichokwisha kuandaliwa, anakijaza maneno, picha na bei zake, anabonyeza kitufe cha kuchapisha, na tovuti inakuwa hewani. Wix, Squarespace, Shopify na WordPress.com ndiyo majina yanayotajwa sana. Mwenye biashara ndogo anayeyalinganisha kwa mara ya kwanza huangalia zaidi uzuri wa violezo na bei ya mwezi, mambo mawili yenye uzito mdogo kuliko yanavyoonekana, kwa sababu violezo vya majukwaa yote makubwa vinapendeza, na bei inayotangazwa mara nyingi siyo ile atakayolipa mwaka wa pili. Swali zito zaidi ni lipi katika kazi hiyo litakuwa lake na lipi atakuwa amelikodi tu.

Ili swali hilo lijibike, ni lazima kutenganisha vitu vitatu ambavyo majukwaa huviuza kama kifurushi kimoja. Cha kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani ambayo mteja anaiandika ili aifikie tovuti, kama zile zinazoishia na .co.tz, .co.ke au .com. Cha pili ni hifadhi, yaani nafasi kwenye seva, kompyuta isiyozimwa iliyounganishwa na mtandao, ambako kurasa na picha zinakaa saa zote ili yeyote azifungue wakati wowote. Cha tatu ni programu yenyewe ya kupangia kurasa. Kikoa husajiliwa na kuhuishwa kila mwaka, na maadamu ada inalipwa, aliyeandikishwa ndiye mwenye jina. Hifadhi na programu ni sawa na fremu ya duka: mpangaji anapaka rangi, anapanga rafu na kuandika jina lake juu ya mlango, ila siku akihama anaondoka na bidhaa na kuziacha kuta.

Tofauti hiyo ilionekana wazi kwa wafanyabiashara wengi mwaka 2024. Kwa miaka kadhaa Google ilikuwa inawapa wenye biashara zilizoandikishwa kwenye ramani yake tovuti rahisi za bure, ambazo anwani zake ziliishia na business.site. Machi 2024 kampuni hiyo ilizizima. Aliyefungua anwani ya zamani alielekezwa kwenye wasifu wa biashara ile hadi Juni 10 mwaka huohuo, na baada ya hapo alikuta ukurasa haupo. Waliokuwa wamechapisha anwani hiyo kwenye vipeperushi, mabango na kadi zao hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa jina halikuwa lao. Lakini Google hiyohiyo ilipoiuzia Squarespace biashara yake ya kusajili vikoa mwaka 2023, wenye majina hawakuyapoteza: usajili ulihamishiwa kwa msimamizi mpya, anwani zikabaki zilezile. Kampuni ni moja na uamuzi ni wa kibiashara katika hali zote mbili, ila waliokuwa na kikoa chao walibaki nacho.

Majukwaa yenyewe yana tabia mbili. Lipo kundi lililofungwa, ambamo programu na hifadhi havitenganishiki: ukijenga Wix, tovuti yako inaishi Wix, na huwezi kuichukua nzima ukaipeleka kwenye seva nyingine. Wix ilianzishwa mwaka 2006 nchini Israeli, na sifa yake ni uhuru wa kukivuta kisanduku cha maneno au picha na kukiweka popote kwenye ukurasa. Uhuru huo una gharama ambayo mgeni haioni mapema, kwamba ukishachagua kiolezo huwezi kukibadilisha kwa kingine katika tovuti ileile. Unalazimika kuanza upya. Squarespace inamwachia mtumiaji uhuru mdogo zaidi wa kupangapanga, na kwa maoni yangu hilo ni jambo jema kwa mtu asiye na jicho la usanifu, kwani ni vigumu kuiharibu.

Shopify inafaa kutajwa peke yake, kwa kuwa ilizaliwa dukani. Tobias Lütke, Mjerumani aliyehamia Ottawa nchini Kanada, alifungua na wenzake mwaka 2004 duka la mtandaoni la mbao za kutelezea thelujini, akaona programu zilizokuwepo hazimfai, akaandika yake. Mwaka 2006 programu hiyo ndiyo ikawa Shopify. Ndiyo maana nguvu yake iko kwenye hesabu ya bidhaa, rangi na saizi, kodi na usafirishaji, na ndiyo maana fundi bomba au mwalimu wa tuisheni anayeichagua atakuwa analipia vitu ambavyo hatavigusa.

Kundi la pili ni la programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia na kuzibadilisha bure, na WordPress ndiyo kubwa kuliko zote. Ilitolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg pamoja na Mike Little, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Hapa pana mkanganyiko unaowagharimu watu fedha. WordPress.com ni huduma ya kampuni, unajisajili na kulipa kama kwenye majukwaa mengine. Programu ya WordPress inayopatikana bure WordPress.org ni kitu kingine: unaipakua au unamwambia mwenye hifadhi, yaani kampuni inayokukodisha nafasi kwenye seva, akuwekee, na tangu hapo faili zote ni zako, unaweza kuzihamishia kwa mwenye hifadhi mwingine hata kesho. Bei ya uhuru huo ni kazi. Programu na nyongeza zake zinahitaji kusasishwa mara kwa mara, nakala za akiba zinahitaji kuchukuliwa, na tovuti iliyoachwa mwaka mzima bila kusasishwa ndiyo inayoingiliwa na wadukuzi. Mwenye biashara asiye na muda huo wala mtu wa kumlipa aufanye atapata usingizi zaidi kwenye jukwaa lililofungwa, na hakuna aibu katika hilo.

Sasa tuchukue mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinane huko Paje, Zanzibar. Tovuti yake ina kazi tatu: kumwonyesha mgeni vyumba na bei, kumpa njia ya kuuliza nafasi, na kupokea malipo ya awali. Kazi mbili za kwanza jukwaa lolote linaziweza. Ya tatu ndiyo inayochuja, na ndiyo ambayo makala nyingi za kulinganisha majukwaa, kwa kuwa zimeandikwa Marekani na Uingereza kwa ajili ya wasomaji wa huko, huipita haraka.

Shopify, kwa mfano, ina mfumo wake wa malipo, Shopify Payments, ambao haupatikani Tanzania wala Kenya. Anayeuza kutoka huku analazimika kutumia mpitisha-malipo mwingine, yaani kampuni inayopokea fedha za mteja mtandaoni na kumfikishia muuzaji, na Shopify inamtoza ada ya ziada kwa kila mauzo yanayopitia huko, ambayo kwenye kifurushi cha Basic ni asilimia 2, juu ya makato ya mpitisha-malipo mwenyewe. Kwa biashara yenye faida nyembamba, hiyo si ada ya kupuuzwa. Kwa hiyo kabla ya kuangalia violezo, orodhesha njia ambazo wateja wako wanalipia hasa, M-Pesa, kadi, benki, kisha uulize ni wapitisha-malipo gani wanaozipokea katika nchi yako. Pesapal, Flutterwave na DPO ni miongoni mwao, na Tanzania ipo Selcom pia. Swali linalofuata ni kama mpitisha-malipo uliyempata ana kiunganishi kilicho tayari kwa jukwaa unalolitaka. Pesapal, kwa mfano, ina kiunganishi cha WooCommerce, nyongeza inayoigeuza WordPress kuwa duka. Kiunganishi kikiwepo, mteja anaandika namba yake ya simu kwenye ukurasa wa malipo, simu yake inapokea ombi, anaingiza namba ya siri, na oda inajiandika kuwa imelipwa bila mtu kukaa akisoma ujumbe mmoja mmoja wa miamala. Kisipokuwepo, utahitaji fundi wa kuandika msimbo, na pale sababu nzima ya kuchagua jukwaa la kujengea mwenyewe inakuwa imekwisha.

Hata hivyo, si kila biashara inayohitaji malipo ndani ya tovuti. Anayepokea oda chache kwa wiki anaweza kuweka kitufe cha WhatsApp, akazungumza na mteja, akampa Lipa Namba au Till yake, na mambo yakaenda vizuri kabisa. Kulipia kifurushi cha duka kamili kwa ajili ya oda chache ni kuitumikia tovuti badala ya tovuti kukutumikia.

Jambo la pili linalochuja ni uzito wa kurasa. Picha iliyopigwa na simu ya kisasa hufika MB 4 bila shida. Mwenye nyumba yetu akipandisha picha 12 za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, zikatumwa kwa mgeni zilivyo, ni MB 48 za kufungua ukurasa mmoja tu, na anayetumia bando la siku ataufunga kabla picha ya tatu haijaonekana. Zikipunguzwa hadi KB 200 kila moja, ukurasa uleule unakuwa na picha za MB 2.4, na kwenye kioo cha simu macho hayatambui tofauti kubwa. Majukwaa makubwa hutengeneza yenyewe nakala ndogo za picha kulingana na kioo cha mtazamaji, lakini violezo vyenye video inayocheza mara ukurasa unapofunguka, au picha zinazojibadilisha kila sekunde chache, huila faida yote hiyo. Kila jukwaa lina tovuti za mfano za kuangalia. Zifungue kwa simu ya bei nafuu, ukiwa kwenye data ya kawaida, mahali ambapo mtandao si mzuri sana. Inayokukera wewe itamkera na mteja.

Kuhusu bei, kifurushi cha bure karibu kila mahali kina matangazo ya jukwaa lenyewe na anwani yenye jina lake ndani, kama wixsite.com, kinafaa kujifunzia, hakifai kuandikwa ubavuni mwa gari la biashara. Vifurushi vya kulipia hutozwa kwa dola na kwa kadi, na punguzo la mwaka wa kwanza huisha wakati wa kuhuisha. Kadi si kikwazo kama zamani, kwani M-Pesa ya Kenya ilianza kutoa kadi ya Visa ya mtandaoni mwaka 2022. Hatari iko kwenye makato ya kujirudia: siku ya kuhuisha ikifika kadi haina salio, malipo yanakwama, tovuti inazimika, na taarifa ya jambo hilo imekwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua.

Hiyo barua pepe ndiyo inayoturudisha kwenye kikoa. Biashara nyingi hutengenezewa tovuti na fundi, na fundi, bila nia mbaya, husajili jina kwa barua pepe yake ili kazi iende haraka. Miaka inapita, fundi anabadili kazi au namba, na mwenye biashara hana njia ya kuthibitisha kwamba jina ni lake. Sajili kikoa mwenyewe, kwa jina la biashara na kwa barua pepe unayoifungua kila siku, hata kama kazi nyingine zote atafanya fundi. Vikoa vya .ke vinasimamiwa na KeNIC, na vya .tz viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Vyote husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Ni busara pia kikoa kikae kwa wakala badala ya kuchukuliwa kwenye jukwaa, kisha kielekezwe tu kwenye tovuti, kwa kuwa siku ukihama unabadilisha mwelekeo bila kugusa usajili. Tahadhari ipo moja: ikiwa barua pepe za biashara zinatumia kikoa hichohicho, rekodi za barua pepe, yaani mipangilio ya kikoa inayoonyesha barua ziende seva gani, zinakiliwe kabla ya kubadilisha chochote, la sivyo tovuti mpya itafunguka huku barua za wateja zikipotea.

Fomu ya mawasiliano inayokusanya majina na namba za simu nayo inaangukia chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kusanya kile tu unachokihitaji kumjibu mteja.

Mwisho, kabla ya kulipa, tafuta kwenye kurasa za msaada za jukwaa jinsi ya kuondoka. WordPress hutoa maandishi yote katika faili moja, na ukiwa na ile ya WordPress.org kwenye hifadhi yako mwenyewe unachukua kila kitu pamoja na mwonekano wake. Shopify hutoa orodha ya bidhaa na wateja kama jedwali, bila muundo wa kurasa. Squarespace hutoa sehemu tu ya kurasa. Popote unapojenga, weka maelezo ya bidhaa na picha asilia kwenye kompyuta au diski yako, maana hivyo ndivyo vinavyochosha kuviandaa upya. Na ikiwa kikoa chako ni cha .com na ulikisajili kupitia jukwaa, fahamu kwamba kwa kawaida hakihamishwi ndani ya siku 60 za mwanzo. Baada ya hapo unaingia kwenye akaunti, unaondoa kufuli la uhamisho, unaomba msimbo wa kuhamisha, na kumpa wakala mpya.