Je, wajua kwa nini mwombaji yuleyule hukataliwa mara 24, kisha akapokelewa?

Fikiria mhitimu wa sheria mwenye shahada nzuri. Ametuma maombi ya uanagenzi kwa kampuni 24 za uwakili nchini Uingereza, na barua pepe 24 zimerudi na wimbo mmoja: "Tunasikitika kukujulisha kwamba safari hii..." Mwaka unaofuata anapiga hodi tena. Moja ya kampuni zilezile inamwita, inamsaili, inampa nafasi. Shahada ni ileile na mtu ni yuleyule. Sasa mlango umefunguliwa na nini?

Tuanzie upande wa pili wa mlango, kwa wanaochagua. England na Wales (Scotland ina utaratibu wake) anayetaka kuwa solisita, yaani wakili anayehudumia wateja ofisini, kwa muda mrefu amepitia mkataba wa mafunzo: miaka miwili ndani ya kampuni, akizungushwa idara kwa idara, kwa kawaida vipindi vinne vya miezi sita sita. Zamani mwanagenzi aliitwa karani wa mkataba, na mara nyingi familia yake ndiyo iliyoilipa ofisi ili imfundishe. Siku hizi mambo yamegeuka. Ofisi ndiyo inayolipa mshahara, na kampuni kubwa huongeza ada ya masomo na posho ya kujikimu kabla mtu hajaanza hata siku moja ya kazi.

Hapo ndipo uchoyo unapoanzia. Kampuni kubwa huchagua wanagenzi takriban miaka miwili kabla hawajaripoti. Ongeza miwili ya mafunzo, utaona kwamba wabia wanaokaa mezani mwaka 2026 wanabahatisha watahitaji mawakili wangapi wapya mwaka 2030. Nani anajua soko la majengo au la mikopo litakuwaje wakati huo? Basi wanapunguza. Hata kampuni kubwa kabisa za London huchukua wanagenzi wapatao mia moja kwa mwaka, na ofisi ya mji mdogo inaweza kuchukua mmoja, au ikapitisha mwaka bila kuchukua mtu. Tena kwenye kampuni nyingi sehemu kubwa ya nafasi hizo huenda kwa waliokwisha kupita mafunzo mafupi ya likizo palepale, wiki moja hadi chache za kutazamana. Anayeomba mkataba moja kwa moja anagombea kilichobaki.

Kwa hiyo mchujo mzima umejengwa kwa hofu moja: kumpokea asiyefaa. Kumkosa anayefaa hakuiumizi kampuni, kwa sababu nyuma yake wamepanga foleni wengine wanaofaa vilevile. Kumpokea asiyefaa ni gharama ya miaka minne. Ukilielewa hilo, barua ya kukataliwa inapungua uzito kidogo. Inasema tu kwamba hawakupata sababu ya kutosha ya kukuchagua wewe badala ya jirani yako, jambo ambalo liko mbali sana na kusema hufai.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme nafasi yako katika kila ombi ni moja kwa ishirini. Ni kadirio la mfano tu. Uwezekano wa kukataliwa mara kumi mfululizo ni asilimia 60. Yaani mtu mwenye nafasi hiyo akikataliwa mara kumi za kwanza si jambo la kushangaza. Akifikisha maombi 20, uwezekano wa kupata angalau jibu moja zuri unafika asilimia 64, na kwenye 40 unafika 87. Watu wengi huishia hapa na kusema: basi tuma mengi, idadi itakubeba.

Nasi tumelelewa na methali ya mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini methali haikusema mvumilivu yule amekaa chini ya mti gani. Hesabu yangu ya juu ina sharti lililojificha: kila ombi liwe bahati mpya, lisilofanana na lililotangulia. Maombi ya kweli hayako hivyo. Kosa lililo kwenye fomu ya kwanza hunakiliwa kwenye ya pili na ya ishirini, kwa hiyo anayetuma fomu moja mara 30 amejaribu mara moja tu, kwa sauti 30. Linganisha: maombi 30 ya haraka haraka, kila moja likiwa na nafasi ya asilimia 1, yanakupa asilimia 26. Maombi 10 yaliyokaliwa kitako, kila moja likiwa na asilimia 10, yanakupa 65. Ndiyo maana yule mhitimu wetu, akipunguza idadi na kuongeza muda kwa kila fomu, anaweza kufunguliwa mlango bila kuongeza cheti hata kimoja.

Kinachomwonyesha pa kurekebisha ni zile barua 24. Kila moja ina maneno yaleyale ya adabu, lakini kila moja ilikuja baada ya hatua fulani. Aziandike kwenye daftari: tarehe, kampuni, na alipoangukia. Tuseme anakuta 15 zimefia kwenye fomu, 7 kwenye jaribio la mtandaoni, 2 baada ya usaili. Hapo tayari ana kazi. Kufanya mazoezi ya usaili usiku kucha kungekuwa kupaka rangi paa la nyumba isiyo na mlango, kwa kuwa wengi wa waliomkataa hawajawahi kuiona sura yake. Atazame na saa. Jibu lililokuja dakika chache baada ya jaribio limeandikwa na mashine, na huenda fomu yake haijasomwa na binadamu. Atazame pia tarehe aliyotuma. Baadhi ya kampuni husoma maombi kadiri yanavyoingia na kugawa nafasi za usaili humo humo, kwa hiyo anayesubiri saa ya mwisho huenda anagombea viti vitatu vilivyosalia bila kujua.

Fomu zenyewe karibu zote zina swali moja linaloua watu wengi: kwa nini kampuni yetu? Jibu la kawaida ni hili: "Nimevutiwa na kampuni yenu kwa sababu ni ya kimataifa, ina sifa nzuri, kazi zenye changamoto na mafunzo bora." Ipeleke kwa mshindani wa kampuni hiyo kama ilivyo. Sentensi imesimama vizuri bila kuyumba, na hilo ndilo tatizo. Msomaji wa fomu anafanya jaribio hilo kichwani mwake siku nzima, kwa mamia ya fomu. Sasa soma hili: "Nikiwa karani wa bima nilishughulikia madai 11 ya mizigo iliyoharibika melini. Matatu yalikwama kwa sababu mkataba haukusema mzigo ni mali ya nani ukiwa bado baharini. Nataka kujifunza kuandika mikataba hiyo, na idara yenu ya usafirishaji ndiyo kazi yake." Huwezi kuihamishia kwenye kampuni ya sheria za ndoa. Angalia pia kwamba haina sifa hata moja. Hajasema ana bidii wala ana ari. Binafsi ningemwita huyu kabla sijatazama alama zake.

Jaribio la mtandaoni nalo lina mtego wake. Kampuni kadhaa kubwa hutumia lile la Watson-Glaser, lililopewa jina la Wamarekani wawili, Goodwin Watson na Edward Glaser. Unapewa maelezo mafupi, kisha unaulizwa kama hitimisho fulani linatokana nayo. Madereva wote wa kampuni hii wana leseni. Juma ana leseni. Basi Juma ni dereva wa kampuni hii. Hapana, haifuati. Mfano huu ni rahisi, lakini yakija maelezo kuhusu kodi au uhamiaji mtu msomi huanza kujibu kwa anayoyajua yeye, na jaribio halitaki ayajuayo. Linataka kilichoandikwa tu. Hii ni tabia inayofundishika kwa wiki chache, na ndiyo maana siku zote huwa naona huruma kwa anayeacha ndoto ya uwakili kwa sababu ya jaribio la nusu saa.

Walioangukia kwenye usaili wana bahati moja: kampuni nyingi hukubali kuwaeleza kasoro wakiomba, wakati wa kwenye fomu kwa kawaida hawaambiwi kitu. Omba kwa upole, uandike neno kwa neno. Sheria ya ulinzi wa data ya Uingereza inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zinazohifadhiwa, na maandishi ya wasaili yanaweza kuwa miongoni mwake. Muda wa kawaida wa kujibiwa ni mwezi mmoja. Nisingeanza na njia hiyo. Simu yenye heshima hufika mbali zaidi.

Lakini kuna kukataliwa ambako hakuna daftari litakalokusaidia. Mwaka 1913 Gwyneth Bebb, aliyesoma sheria Oxford, aliishtaki Law Society, chama cha masolisita wa England na Wales, ili aruhusiwe kufanya mitihani ya usolisita. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mwanamke si "mtu" kwa maana ya sheria ya masolisita ya 1843. Angeandika fomu gani ya kuliondoa hilo? Ilibidi Bunge libadilishe sheria mwaka 1919. Bebb alifariki 1921 kabla hajawa wakili, na mwaka 1922 Carrie Morrison akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa kuwa solisita. Kule Marekani, Sandra Day O'Connor alihitimu Stanford mwaka 1952 akiwa miongoni mwa waliofaulu vizuri kabisa. Kampuni moja ikamtajia kazi ya ukatibu, kama anajua kupiga taipu. Akaenda ofisi ya mwanasheria wa kaunti ya San Mateo, akakubali kuanza bila mshahara, meza yake ikawekwa chumba kimoja na katibu. Mwaka 1981 akawa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Mwanasheria Mkuu wa serikali iliyompendekeza, William French Smith, alikuwa ametokea kampuni ileile iliyomtajia ukatibu.

Mizani ya leo haijanyooka yote. Zipo kampuni zinazopima alama za mwombaji kwa kuzilinganisha na shule aliyosoma, ili aliyepata B kwenye shule dhaifu asionekane mdogo mbele ya aliyepata A kwenye shule ya kifahari. Kwa anayejua historia yake inambana kwenye alama, kuanza na kampuni hizo ni akili.

Na tangu Septemba 2021 kuna mlango wa pembeni ambao waombaji wengi bado hawaupi uzito unaostahili. Utaratibu mpya wa kuwa solisita unadai mitihani miwili ya pamoja kwa wote, ambayo ada zake kwa jumla ni karibu pauni 5,000, na miaka miwili ya kazi halisi ya kisheria. Miaka hiyo haihitaji kuitwa mkataba wa mafunzo. Inaweza kugawanywa katika sehemu hadi nne: usaidizi wa kisheria kwenye kampuni, kazi kwenye shirika la msaada wa sheria, hata kliniki ya sheria ya chuo kikuu. Kinachotakiwa ni solisita anayeifahamu kazi yako aithibitishe.

Hebu mrudie mhitimu wetu. Wakati barua 24 zinaingia alikuwa akifanya kazi ya usaidizi kwenye ofisi ndogo kwa miezi 14, akiiona kama pa kujishikiza tu. Akiwa ameweka kumbukumbu za kazi alizofanya, na msimamizi wake bado yupo ofisini wa kuzitia sahihi, kati ya miezi 24 anayoitafuta amebakiza kumi.