Pete ya zamani uliyoichimbua, usiikimbilie na dawa ya meno

Jamani hii ya kusema pete ikitoka ardhini ina ukijani basi ni feki, au uisugue na dawa ya meno na limao mpaka ing'ae ndo ujue kama ni mali, inaharibu vitu vya maana sana. Ukijani unatokana na shaba, na fedha ya kutengenezea pete kawaida huchanganywa na shaba, hata ile ya 925 (yenye fedha asilimia 92.5) inayo, ikikaa udongoni miaka mingi shaba inajitokeza juu, kwa hiyo rangi peke yake haikwambii kitu.

Kinachoniuma zaidi ni ule weusi kwenye maua na herufi zilizochongwa, watu wanadhani uchafu kumbe unaweza kuwa niello, mchanganyiko wa fedha, shaba, madini ya risasi na salfa ambao sonara aliujaza makusudi mchoro uonekane. Na kuna pete za fedha zilizopakwa dhahabu nyembamba mno, dawa ya meno ina chembechembe za kusugua, dhahabu ikishatoka hairudi tena.

Suuza udongo uliolegea kwa maji safi tu, usibrashi, na ikiwa na jiwe au enameli (rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu yake) hata kuiloweka acha. Chungulia upande wa ndani, pete nyingi za Uingereza za karne ya 17 zina maneno ya mapenzi humo.

Ukiipata England au Wales na ditekta yako ya kutafutia metali, sheria ya hazina za kale (Treasure Act) ya 1996 inataka pete ya dhahabu au fedha yenye miaka 300 na zaidi iripotiwe ndani ya siku 14, ipeleke bila kuing'arisha.