Kioo cha Mbele: Uchafu Uko Ndani, Nasi Tunasugua Nje

Siku moja nilitoka Dar saa kumi alasiri kwenda Morogoro, gari limetoka kuoshwa muda huo huo. "Bosi, kioo nimekipiga mpaka kinalia," dogo aliniambia, na kweli kilikuwa kinameta. Nilipopita Mlandizi, jua likashuka usawa wa macho na kioo kizima kikageuka maziwa. Nikarusha maji, nikawasha waipa, hola. Nikapangusa kwa kiganja upande wa ndani. Vidole vyangu vikaacha michirizi inayong'aa kama njia ya konokono.

Vumbi halichori hivyo. Yale yalikuwa mafuta.

"Uchafu wa kioo ni vumbi na tope, kwa hiyo unatoka nje."

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Vumbi na tope unaviona, na waipa ikisaidiwa na maji inaviondoa. Kinachokupofusha usiku ni utando mwembamba wa ndani, na asili yake ni gari lenyewe. Plastiki ya dashibodi hutiwa kemikali za kuilainisha isipasuke. Gari likianikwa juani mchana kutwa, dashibodi hupata joto la kupita nyuzi 60, zile kemikali hutoka kidogo kidogo kama mvuke na kugandia kwenye kioo. Harufu ya gari jipya wanayoisifia watu ni mvuke wa namna hiyo hiyo. Ongeza moshi wa sigara kama mpo wavutaji, moshi wa malori unaoingia kwenye foleni, na mkono wa kila abiria aliyewahi kufuta ukungu siku ya mvua.

Mchana, jua likiwa juu, utando huo hauonekani. Usiku, taa za basi linalokuja huupiga, mwanga ukatawanyika kila upande, na wewe unamlaumu dereva mwenzako kwa kuwasha fulu.

"Dashibodi iking'arishwa, gari ni safi."

Ile dawa ya kupuliza inayoifanya dashibodi ing'ae kama kiatu cha bwana harusi mara nyingi ina silikoni. Inapopulizwa, sehemu yake hutua kwenye kioo moja kwa moja. Halafu kitambaa kilichopangusia dashibodi hicho hicho ndicho kinachomalizia kioo. Mimi siku hizi nakataa. Naambiwa nabana matumizi, sawa.

"Sabuni nyingi, usafi mwingi."

Simama pembeni uangalie ndoo. Imetiwa sabuni ya unga, povu limefura, na kitambaa kilichomo kimeshapita kwenye rimu, kwenye milango na chini ya bampa. Sasa kinapanda kwenye kioo. Sabuni isiposuuzwa vizuri hukauka ikawa utando wake yenyewe, na ukirusha maji ya waipa unafufua povu jembamba la mistari. Kwa kioo, tone moja au mawili ya sabuni ya maji kwenye ndoo ndogo yanatosha, kisha suuza.

Na maji yenyewe yana habari yake. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na Dodoma maji magumu hayahitaji utambulisho kwa mtu aliyewahi kuchungulia ndani ya birika lake. Ukoko mweupe ulioko mle ndio unaobaki kwenye kioo kila tone linapokauka juani. Sabuni haiuondoi. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huuyeyusha: loweka kitambaa, kilaze juu ya madoa dakika chache, futa, suuza. Maji ya mwisho yakiwa ya mvua uliyokinga, vizuri zaidi. Na usioshe kioo kikiwa cha moto. Maji yatakauka kabla hujayafuta, na mistari unayoilalamikia utakuwa umeichora mwenyewe.

"Gazeti linashinda kitambaa chochote."

Nusu kweli. Gazeti haliachi nyuzinyuzi kama fulana kuukuu, ndiyo maana wazee walilipenda. Lakini likilowa huchanika, na wino wake unahamia vidoleni na kwenye mpira wa pembeni mwa kioo. Isitoshe, tangu habari zihamie kwenye simu, gazeti linalopatikana kirahisi ni lile lililofungia maandazi, na hilo lina mafuta kuliko kioo chenyewe. Nunua vitambaa viwili vya maikrofaiba. Ukivifua, usivitie dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu nayo huacha utando.

"Mafuta ya taa yanakata kila kitu."

Yanakata grisi, kisha yanabaki yenyewe. Matumizi yake yenye maana hapa ni kulegeza gundi ya stika iliyopitwa na wakati, tone dogo kwenye kitambaa, halafu unalifuta kwa spiriti. Petroli usiiguse kabisa. Soda ina sukari. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na mkwaruzo unaokwama kucha hauwezi kuuondoa.

"Kioo kina mistari, nisugue zaidi."

Kama mistari inakuja waipa ikipita tu, kioo hakina kosa. Nyanyua mkono wa waipa, shika mpira kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, vuta mwanzo hadi mwisho. Utashangaa weusi utakaotoka. Ukihisi meno au nyufa, badilisha, maana jua letu halina huruma na mpira. Na usiwashe waipa kwenye vumbi kavu: chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo, na kila mpito ni msasa.

Kile kioo changu nilikisafisha kesho yake asubuhi, gari likiwa kivulini na milango wazi. Spiriti ya duka la dawa kidogo ndani ya maji, nikailowesha kwenye kitambaa badala ya kupuliza kioo, ili isichuruzike kwenye dashibodi. Kama kioo kina tinti ya kubandika, dawa zenye amonia ziache, zinaiharibu. Ndani nilifuta kwa kulala, nje kwa kusimama, ili mstari ukibaki nijue uko upande gani. Kitambaa kimoja cha unyevu, kingine kikavu kinafuata papo hapo. Pembe za chini, pale mkono usipofika, niligeuza kiganja juu chini nikasukuma kwa ncha za vidole.

Kulia kwa kioo hakunidanganyi tena. Nakipulizia pumzi ya mdomo: kilicho safi hupata ukungu ulio sawa na hujifuta sawa, kichafu hukuonyesha kila alama ya mkono uliopita. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Ikanibidi nirudie mara tatu.