Fundi sanifu wa ujenzi: yanayosemwa barazani na yaliyopo saiti

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu huanza kuita. Leo mjomba, kesho jirani. Swali ni lile lile: "Kijana hakuchaguliwa kidato cha tano, unaonaje tumpeleke ujenzi?" Hilo "tumpeleke" hulitamka kama wanavyosema "tumpeleke kwa bibi yake kijijini akatulie". Ujenzi, kwa masikio ya wengi, ni mahali pa kumhifadhi aliyeshindikana.

Nimesoma stashahada ya uhandisi ujenzi, ile inayokufanya fundi sanifu, nimefanya kazi saiti, na sasa huwa nakaa upande wa wanaoajiri. Haya ndiyo ninayowajibu.

"Ni kozi ya waliofeli"

Aliyefeli haingii. Vyuo kwa kawaida vinataka ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yakiwamo Hisabati, Fizikia na Kemia. Mwenye alama nzuri za Historia na Kiswahili peke yake hapokelewi, hata baba yake awe anafahamiana na nani. Njia nyingine ni ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: aliyefika daraja la tatu la ufundi katika fani inayohusiana anaweza kuendelea chuoni, na hao mara nyingi huwatoa jasho wenzao kwenye karakana.

Masomo ni miaka mitatu, ngazi ya 4, 5 na 6 za mfumo wa tuzo za ufundi, NTA, unaosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Wazee wa fani bado wanaiita FTC (Full Technician Certificate), jina la zamani, na wakilitamka hukaa sawa kwenye kiti. Wana sababu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ilianza mwaka 1957 ikiwa shule ya ufundi, Chuo cha Ufundi Arusha kikaja mwaka 1978, na kile cha Mbeya leo kimekuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Sehemu kubwa ya barabara na majengo tunayoyatumia yamepita mikononi mwa watu wa vyuo hivyo.

Dhana hiyo ina dada yake: kwamba fundi sanifu ni mhandisi aliyeishia njiani. Hizi ni kazi mbili. Mhandisi hukokotoa nguzo ibebe mzigo gani, iwe na nondo ngapi, kisha anasaini. Fundi sanifu ndiye anayehakikisha nguzo iliyosimama saiti ni ile iliyo kwenye mchoro, si binamu yake. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inasajili wote wawili, kila mmoja katika kundi lake. Anayetaka kuvuka kwenda shahada njia ipo. Vyuo vikuu hupokea wenye stashahada kuanzia wastani wa alama (GPA) wa 3.0, ingawa fani zenye ushindani zinaweza kudai zaidi. Lakini nawafahamu watu wazima wenye heshima zao ambao hawakuvuka na hawajutii.

"Fundi wa mtaani anajua kuliko wa chuo"

Hapa lazima nikubali nusu. Fundi mzuri wa mtaani ananishinda kupiga lipu, kupanga tofali na kusoma tabia ya mchanga kwa kuuminya kiganjani. Kijana wa chuo anayefika saiti siku ya kwanza na kuanza kumfokea mzee mwenye miaka 20 ya mwiko mkononi atafundishwa adabu kabla ya saa nne, na nitacheka na mimi.

Lakini kujua kujenga na kujua kama kilichojengwa kitahimili ni elimu mbili tofauti. Nitatoa mfano wa maji.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa tunamwaga jamvi la ghorofa, yaani sakafu yake ya zege. Zege likawa zito kusukuma, mafundi wakaongeza maji. Ndoo moja, halafu nyingine. Likateleza vizuri kama uji wa mgonjwa, kila mtu akafurahi, na mimi niliyekuwa na cheti kibichi nikanyamaza kwa sababu niliogopa kuonekana mjuaji. Mfuko wa saruji wa kilo 50, kwa uwiano wa nusu (maji nusu ya uzito wa saruji), unahitaji lita 25 za maji, yaani ndoo ya lita 20 na robo yake. Humo pia unahesabu unyevu ambao mchanga umekuja nao. Saruji yenyewe huhitaji maji ya takribani robo ya uzito wake ili ishikane. Yanayozidi kazi yake ni kulainisha tu, na yakishaondoka yanaacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndivyo udhaifu.

Ndiyo maana kabla ya kumwaga tunapima mshuko. Unachukua koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, unaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, unainyanyua koni taratibu, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Ni dakika chache tu. Likishuka kuliko ilivyoagizwa, mchanganyiko huo hauingii kwenye jamvi.

Halafu tunajaza vibonge vya mchemraba vya milimita 150 kila upande. Kimoja kina kilo kama 8, na kinalala ndani ya maji. Siku ya saba vingine vinapondwa kwenye mashine, siku ya 28 vinapondwa vilivyobaki. Zege la daraja la 25 linatakiwa lihimili niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Kwa kibonge kile kidogo hiyo ni nguvu ya kama tani 57. Vile vya siku ya saba, kwa saruji ya kawaida, hufikia takribani theluthi mbili ya nguvu hiyo. Vya lile jamvi letu havikufika. Mhandisi mshauri alisimamisha kazi, mwenye jengo akaingia gharama, na mimi nilipewa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo ndoo ya maji haiongezwi nikiwapo.

Humo humo kuna dhana nyingine, kwamba zege "linakauka". Halikauki kama kanga kwenye kamba. Linashikana kwa sababu saruji inakunywa maji, na ukiliacha jua la Dodoma liyanyonye mapema, limekatizwa mlo. Ndiyo maana tunamwagilia na kufunika kwa magunia kwa siku saba angalau. Mafundi wengi wanamwagilia kwa mazoea bila kujua sababu, na asiyejua sababu ndiye wa kwanza kuacha maji yakipungua saiti.

Na nondo? Jipatie mizani. Kipenyo kwa milimita, ukizidishe kwa chenyewe, ugawanye kwa 162: hapo una kilo za kila mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo kama 10.7. Ikisoma kilo 9, basi umeuziwa nondo ya milimita 11 kwa bei ya 12, na asilimia 16 ya chuma ambacho mhandisi alikihesabu haipo ndani ya jengo lako. Kwa macho huwezi kugundua. Nimewahi kufanya hivyo mbele ya muuzaji. Hakugombana, alikwenda tu kuleta nyingine kutoka nyuma.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kila jengo likianguka, maswali ya kwanza yanahusu karatasi: majibu ya vibonge yako wapi, nani alikagua nondo kabla ya kumwaga, nani alisaini. Hizo karatasi ndizo kazi ya fundi sanifu.

"Hisabati yake haiwezekani"

Inawezekana. Fundi wa mtaani anayepima kona ya msingi kwa pembetatu ya tatu-nne-tano anatumia Pythagoras bila kumwamkia. Chuoni utaongeza trigonometria kwa ajili ya upimaji, mizani ya nguvu kwenye bimu, ujazo na eneo kwa ajili ya makadirio. Wanaoanguka, kwa niliyoyaona, huangushwa na kutofanya mazoezi kuliko na ugumu wenyewe.

"Ukimaliza, ama Serikali ikuajiri ama ukae nyumbani"

Serikali inaajiri, kweli. TANROADS ya barabara kuu, TARURA ya barabara za vijijini na mijini iliyoanza mwaka 2017, RUWASA ya maji vijijini tangu 2019, na halmashauri zote. Mwishoni mwa 2021, Serikali ilipoanza kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, kazi ilikwenda kwa fosi akaunti: kamati ya shule inanunua vifaa, fundi wa kijijini anajenga, halmashauri inasimamia. Usimamizi huo kwa vitendo ulikuwa fundi sanifu mmoja juu ya pikipiki akizunguka shule nyingi kwa siku moja. Ila nafasi za Serikali hazitoshi wahitimu wote, na anayekaa akisubiri tangazo la ajira anapoteza miaka ambayo ndiyo ya kujifunzia.

Fani yenyewe ni pana kuliko watu wanavyodhani. Kuna mtu wa maabara, yule anayeponda vibonge na kupima mshindilio wa barabara. Anachimba kashimo kwenye tabaka la moramu, ule udongo wa changarawe, anajaza mchanga maalumu ili kupata ujazo, kisha anasema kama tabaka limefika asilimia 95 ya mshindilio wa juu uliopimwa maabara au greda irudi. Neno lake linasimamisha mitambo ya mamilioni. Kuna mpimaji mwenye leveli na totali stesheni, vyombo vya kupimia vimo, pembe na umbali. Kuna anayechora ramani na michoro ya nondo kwa kompyuta, na hapa niseme: kujua AutoCAD peke yake si kazi, ni kalamu. Ofisi hutaka anayejua anachochora kinajengwaje. Kuna anayeandaa BOQ, orodha ya kazi na vifaa na gharama zake, na kufuatilia vyeti vya malipo, kazi ya kivulini yenye kuheshimika kuliko wengi wanavyojua. Wengine wako kwenye visima na mabomba, wengine kwenye viwanda vya tofali na zege, wengine wanauza vifaa na kuwashauri wateja.

Na kuna ukandarasi. CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, ina madaraja saba ya makandarasi wa majengo na wa kazi za kihandisi, la kwanza likiwa la juu. Kwenye madaraja ya chini kampuni inaweza kusimama kwa mtaalamu mwenye stashahada na uzoefu unaotakiwa. Shida haiko kwenye cheti, iko kwenye mtaji na kwenye kuvumilia malipo yanayochelewa. Wahitimu watatu au wanne wakiungana wana nafasi nzuri kuliko mmoja mwenye ndoto kubwa.

"Si kazi ya mwanamke"

Mashine ya kupondea vibonge haiulizi jinsia, wala leveli. Wasimamizi wawili makini kuliko wote niliofanya nao kazi ni kina dada, na mmoja alirudisha lori zima la kokoto kwa sababu zilijaa vumbi. Tatizo la kweli ni dogo na la aibu: saiti nyingi hazina choo cha maana. Hilo wakandarasi walirekebishe, si kuwarudisha watu nyumbani.

"Mafunzo kwa vitendo ni mhuri tu"

Wapo wanaotafuta mjomba mwenye kampuni awagongee mhuri kwenye kitabu cha kumbukumbu, kisha wanalala wiki nane. Kwenye usaili huwa nauliza swali moja: zege la mwisho ulilopima lilishuka milimita ngapi? Aliyelala huanza kunieleza maana ya mshuko. Aliyekuwepo ananitajia namba, halafu anaanza kunisimulia habari za fundi aliyemkorofisha siku hiyo.

Kwa mzazi ambaye bado anasikiliza, nina ombi kabla hujalipa ada. Hakikisha chuo na kozi yenyewe vipo kwenye orodha ya NACTVET, na uulize HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kuhusu mkopo, maana tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya fani za stashahada nazo zimeingizwa. Kisha nenda chuoni kwa miguu yako, uombe kuonyeshwa mashine ya kupondea vibonge. Kama iko wazi, ina vumbi jeupe la zege na mwanafunzi anaweza kukueleza inavyotumika, mpeleke kijana. Kama imefunikwa turubai na hakuna anayejua funguo za chumba ziko kwa nani, rudi nyumbani na ada yako.