Je, wajua kwanini visima vya Isaka ni habari ya Jumanne kwa Wayahudi wa Hasidi?

Torati, vile vitabu vitano vya Musa, Wayahudi wameigawa mafungu 54, kila wiki na fungu lake (parasha wanaliita), kuna wiki yanasomwa mawili kwa pamoja ili yote yaenee kwenye mwaka. Jumamosi asubuhi gombo linafunguliwa sinagogi linasomwa, na mwezi wa tisa au wa kumi, siku ya Simhat Tora, wanamaliza kifo cha Musa na hapohapo wanaanza tena "Hapo mwanzo". Sasa mtu aliyeshaisoma gharika ya Nuhu miaka thelathini, mwaka huu anatafuta nini humo?

Mahasidi wana jibu lao. Harakati yao ya kidini ndani ya Uyahudi ilianzia Ukraine kwa rabi Baal Shem Tov, aliyefariki 1760, baadaye akaja Schneur Zalman wa Liadi akaanzisha tawi la Chabad. Chabad wenyewe wanasimulia kwamba huyu alitangaza mbele za watu: lazima kuishi na wakati. Rabi wa karne ya 18 kusema hivyo ni ajabu kidogo, mpaka wazee walipokuja kuelewa kupitia mdogo wake, Yehuda Leib, kwamba wakati wenyewe sio fasheni wala siasa, ni parasha. Uiishi ya wiki hiyo, tena na kipande cha siku hiyo, maana kila parasha ina vipande saba, cha kwanza Jumapili, cha mwisho Jumamosi. Hata moyo unaifuata: wiki ya Nuhu ina gharika ila inaishia na kuzaliwa kwa Ibrahimu, na inayofuata ndo ya raha haswa kwasababu kila siku upo na Ibrahimu.

Sasa chukua Mwanzo 26, inayosomwa mara nyingi Novemba. Wafilisti wameziba visima vya marehemu Ibrahimu kwa udongo, mwanae Isaka anavifukua, anavirudishia majina yaleyale ya babake, halafu watumishi wake wanachimba kipya, wachungaji wa Gerari wanasema maji ni yetu, wanachimba kingine, ugomvi tena, cha tatu ndo wanaachiwa. Ukisoma mbiombio utasema ni ugomvi wa wafugaji tu, yameisha. Hasidi anauliza swali lingine: mchimbaji ameleta maji? Hajaleta, yalikuwepo chini siku zote, yeye ametoa udongo tu. Na kwa mafundisho yao, kama kitabu cha Tanya cha huyo Schneur Zalman (1796) kinavyosema, nafsi ya Myahudi ni sehemu ya Mungu aliye juu, kwahiyo haihitaji kuletewa utakatifu toka nje, inahitaji kufukuliwa, na udongo ni mazoea, majivuno, mahangaiko ya kila siku. Ibrahimu kwao ni mtu wa kumimina ukarimu, Isaka ni mtu wa kujibana na kuchimba. Mimi binafsi kinachonishika ni vile visima viwili vya ugomvi, maana navyo vilikuwa na maji, Isaka hakukosea pa kuchimba.

Visima hivyo vipo kipande cha tatu, yaani Jumanne. Ukiamka Jumatano Isaka keshahamia Beer-sheba, na Abimeleki, mfalme wa Wafilisti, yuleyule aliyemwambia ondoka kwetu anakuja mwenyewe kuomba wapatane, hapo swali linabadilika kabisa.