Fantasia ya vichekesho na fantasia ya kejeli: zinaachana wapi?

Jioni ukipanda jiwe la Gangilonga, mji wa Iringa unauona wote chini yako. Kwa Kihehe jina hilo ni jiwe linaloongea, na wazee husimulia kwamba ndilo lililompasha Mkwawa habari za kuja kwa Wajerumani. Mwandishi akilichukua na kulipa sauti ndani ya riwaya, ameingia kwenye fantasia, yaani bunilizi ambamo jambo lisilowezekana hutokea na wahusika wakaishi nalo kama kitu cha kweli.

Sasa tuseme jiwe limezeeka na lina maneno mengi. Vijana wakipanda kupiga picha linalalamika kwamba wanalikanyaga mgongo. Askari wakija mbio kuulizia adui yuko wapi, linaanza na habari za baridi ya mwezi wa saba, halafu bei ya viazi, mpaka adui mwenyewe anafika na kuketi kusikiliza. Hiyo ni fantasia ya vichekesho. Kicheko kinatoka pale ajabu inapokutana na maisha ya kila siku, na hakuna anayeumizwa.

Tubadilishe kidogo. Jiwe bado linaongea, ila limeundiwa ofisi. Anayetaka kulisikiliza aandike barua, barua ipite kwa mtendaji, igongwe muhuri. Siku moja jiwe linasema mvua itachelewa, watu wasipande. Kamati inakaa siku tatu, kisha inatangaza kwamba jiwe limeahidi mvua nyingi. Mkulima anapanda mahindi, yanakauka yangali madogo. Hapo tumeingia kwenye fantasia ya kejeli. Jiwe ni lilelile, lakini sasa kuna watu wa dunia yetu wanaosemwa.

Nimetumia neno kusemwa kwa makusudi. Mtani wako akikucheka, mnacheka wote na yanaishia hapo. Mtu akikusema kwa mafumbo mbele za watu, unarudi nyumbani ukijua ni wewe, hata kama jina lako halikutajwa. Ajabu ya fantasia ndiyo inayobeba fumbo hilo, na kwa sababu hiyo waandishi wengi wameikimbilia nyakati ambazo kusema waziwazi kulikuwa na gharama.

Mfano mkubwa tunao wenyewe. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inasimulia nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na katika kujitetea anawakumbusha watawala wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mashauri mema, wakaadhibiwa. Wasomaji wengi wameuona utawala wa kikoloni humo. Nani anacheka akiisoma? Wachache sana. Kejeli si lazima ichekeshe, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa.

Mwandishi Jonathan Swift aliyachanganya yote mawili, kicheko na kejeli, katika Gulliver's Travels ya mwaka 1726. Watu wake wadogo wa Lilliput wanapigana na jirani zao kwa sababu ya upande wa kuvunjia yai. Unacheka, kisha unakumbuka kwamba Ulaya ilikuwa imemwaga damu nyingi kwa tofauti za dini. Mwingereza Terry Pratchett naye, kuanzia mwaka 1983, aliandika riwaya 41 za Discworld, dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne juu ya kobe. Alianza kwa kuwatania wachawi na mashujaa wa fantasia zenyewe. Kadiri alivyoendelea akageukia magazeti, posta na benki, na kejeli ikazidi makali.

Kwa anayetaka kuandika, naomba jambo moja. Usiicheke ajabu yako mwenyewe. Mwandishi akionyesha kwamba haamini jiwe lake linaongea, msomaji naye analiacha, na kejeli inakosa pa kusimama. Mkulima wa hadithi yangu hashangai hata kidogo kwamba jiwe linaongea. Alipanda Gangilonga mara mbili na barua yake mfukoni, akaambiwa muhuri umefifia, akashuka.